Samba, NFS au SSHFS: ipi itumike kushirikisha folda za ofisi kwa mstari wa amri?

Ofisi ndogo inapochoka kuhamisha hati kwa flashi na kutumiana mafaili kwa WhatsApp, huku kila mtu akibaki na toleo lake la bajeti, hatua inayofuata huwa ni kuchukua kompyuta moja, kuiwekea Linux, na kuifanya mahali pamoja pa kuhifadhia kila kitu. Kazi hiyo inafaa kufanywa kwa mstari wa amri, kwa kuwa seva ya aina hiyo mara nyingi haina hata skrini, na kwa kuwa amri zikishaandikwa mahali, fundi atakayekuja baadaye anaweza kuzirudia zilivyo bila kukisia ni kitufe gani kilibonyezwa. Ugumu huanzia kwenye kuchagua njia. Samba, NFS na SSHFS zote zinashirikisha folda, zote ni za bure, na kila moja ina mashabiki wasiotaka kusikia habari ya nyingine.

Wengi huanza kuzilinganisha kwa kasi. Kwa maoni yangu kasi ni swali la mwisho. Swali la kwanza ni hili: seva itamwamini nani? Samba humtaka mtu ataje jina na nenosiri. NFS, kwa usanidi wake wa kawaida, huiamini kompyuta yenyewe. SSHFS humwamini mwenye ufunguo wa SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa nyingine karibu zote, na atakayeielewa hatahitaji kukariri mengine.

## Vigezo vya ulinganisho huu

Kila njia itapimwa kwa mambo yaleyale: jinsi inavyoanzishwa kwa amri na inavyopokewa na mifumo endeshi mbalimbali, nani anaaminiwa, mafaili mapya yanapata ruhusa gani, data inalindwaje ikiwa njiani, kasi, nini hutokea umeme au mtandao unapokatika, na nini hutokea watu wawili wanapofungua faili moja. Vigezo hivi havina uzito sawa. Kwenye ofisi ambayo umeme hukatika mara kwa mara, kigezo cha kukatika kinaweza kuzidi vingine vyote.

Mfano utakaotumika ni seva ya Debian au Ubuntu yenye anwani 192.168.1.10, folda iitwayo `/srv/hati`, na kikundi kiitwacho `ofisi`. Anwani ya seva iwe thabiti; njia rahisi ni kuihifadhi kwenye mipangilio ya ruta ili seva ipewe anwani ileile kila inapowaka. Maandalizi ya kwanza ni yaleyale kwa njia zote tatu:

```
sudo groupadd ofisi
sudo adduser asha
sudo usermod -aG ofisi asha
sudo mkdir -p /srv/hati
sudo chgrp ofisi /srv/hati
sudo chmod 2770 /srv/hati
```

Tarakimu 2 iliyo mwanzoni mwa 2770 isiachwe: ndiyo inayofanya kila faili jipya lirithi kikundi cha `ofisi` badala ya kikundi binafsi cha aliyeliunda.

## Kuanzisha

Samba husakinishwa kwenye seva, kisha kila mtumiaji hupewa nenosiri la Samba, ambalo huhifadhiwa kando na lile la Linux:

```
sudo apt install samba
sudo smbpasswd -a asha
```

Folda hutangazwa kwa kuongeza mistari hii mwishoni mwa faili la `/etc/samba/smb.conf`:

```
[hati]
   path = /srv/hati
   valid users = @ofisi
   read only = no
   create mask = 0660
   directory mask = 2770
```

Kabla ya kuwasha upya huduma, amri ya `testparm` hukagua kama faili hilo lina makosa ya uandishi, na ni vizuri kuizoea:

```
testparm -s
sudo systemctl restart smbd
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp
```

Upande wa Windows hakuna cha kusakinisha. Amri moja inatosha, na alama ya nyota humfanya mtumiaji aulizwe nenosiri badala ya kuliandika waziwazi:

```
net use Z: \\192.168.1.10\hati * /user:asha /persistent:yes
```

Amri hiyo iendeshwe kwenye dirisha la kawaida, si lile la msimamizi, kwa sababu herufi ya diski iliyounganishwa kwa haki za msimamizi kwa kawaida haionekani katika File Explorer ya mtumiaji. Kompyuta za Apple nazo zinaielewa Samba bila nyongeza. Tangu mwaka 2013, toleo la OS X Mavericks lilipotoka, itifaki (yaani lugha ya mawasiliano) ya SMB ambayo Samba huizungumza ndiyo Apple inayoitanguliza. Linux huhitaji kifurushi cha `cifs-utils`, kisha:

```
sudo mount -t cifs //192.168.1.10/hati /mnt/hati -o username=asha,uid=1000,gid=1000
```

NFS ndiyo yenye usanidi mfupi kuliko zote. Unasakinisha kifurushi kimoja, unaandika mstari mmoja kwenye `/etc/exports`, na unaitangaza folda:

```
sudo apt install nfs-kernel-server
```

```
/srv/hati 192.168.1.0/24(rw,sync,no_subtree_check)
```

```
sudo exportfs -ra
sudo exportfs -v
```

Mstari huo wa katikati una mtego wa zamani. Ukiweka nafasi kati ya anwani na mabano, seva itasoma mambo mawili tofauti: mtandao wako utapewa haki za kawaida, na haki zilizo ndani ya mabano, ikiwemo ya kuandika, zitapewa kompyuta yoyote duniani inayoweza kuifikia seva hiyo. Nafasi moja tu. Ndiyo maana `exportfs -v` isirukwe, kwani huonyesha seva imeelewa nini hasa, ambacho si lazima kiwe kile ulichokusudia.

Kompyuta ya Linux huunganishwa hivi, baada ya kusakinisha `nfs-common`:

```
sudo mount -t nfs4 192.168.1.10:/srv/hati /mnt/hati
```

Faiwoli ya seva, yaani kizuizi chake cha mtandao, ifunguliwe kwa poti (mlango wa mawasiliano) 2049, ambayo peke yake inatosha kwa NFS ya toleo la 4. Toleo la 3 huhitaji pia poti 111 na nyinginezo, jambo linaloleta usumbufu usio wa lazima. Windows ina njia ya kutumia NFS, lakini ni ya kuongeza, haipo katika matoleo yote, na kulinganisha watumiaji wake na wale wa Linux ni kazi ya ziada.

SSHFS haihitaji karibu chochote kwenye seva. Kama unaingia kwenye seva hiyo kwa SSH, tayari umeshaianzisha. Kazi yote iko upande wa mtumiaji:

```
sudo apt install sshfs
ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id asha@192.168.1.10
mkdir -p ~/hati
sshfs asha@192.168.1.10:/srv/hati ~/hati -o reconnect,ServerAliveInterval=15
```

Zingatia kwamba amri ya mwisho haina `sudo`, yaani haihitaji haki za msimamizi. Mtu anaweza kuunganisha folda kwenye kompyuta ambayo si msimamizi wake, mradi programu imeshasakinishwa, na hilo haliwezekani kirahisi kwa njia nyingine mbili kwenye Linux. Kukata muunganisho ni `fusermount -u ~/hati`. Windows huhitaji programu mbili, WinFsp na SSHFS-Win, na Mac huhitaji macFUSE. Zinafanya kazi, lakini kumwelekeza mhasibu azisakinishe kwa simu ni kazi ya mchana mzima.

## Nani anaaminiwa

NFS ilizaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, wakati kompyuta za ofisi zilikuwa mali ya taasisi, zikisimamiwa na mtu mmoja au wawili, na mtumiaji wa kawaida hakuwa na haki za msimamizi. Katika mazingira hayo ilikuwa busara kwa seva kuiambia kompyuta: niambie namba ya mtumiaji wako, nami nitakuamini. Hivyo ndivyo inavyofanya hadi leo usipoibadilisha. Haiulizi nenosiri. Hupokea namba ya utambulisho, yaani UID, na kulinganisha namba hiyo na wamiliki wa mafaili.

Matokeo yake huwashangaza wengi. Debian na Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza wa kila kompyuta namba 1000. Ofisi yenye laptopu sita, kila moja imesakinishwa na mwenyewe, ina watu sita ambao kwa macho ya seva ni mtu mmoja. Asha akiunda faili, Juma analifuta bila kizuizi, na kumbukumbu za seva hazitaonyesha tofauti. Kinyume chake pia hutokea: mtu mmoja mwenye laptopu mbili zenye namba tofauti anazuiwa kufungua faili lake mwenyewe. Chaguo la `root_squash`, ambalo huwa limewashwa tangu mwanzo, humnyima msimamizi wa laptopu haki za msimamizi kwenye seva, lakini halimzuii msimamizi huyohuyo kujitengenezea akaunti yenye namba ya mwenzake na kuingia kwa jina hilo.

Dawa zipo. Unaweza kupanga namba kwa makusudi kwenye kila kompyuta kwa `usermod -u`; unaweza kuwageuza wote kuwa mtumiaji mmoja kwa `all_squash,anonuid=1001,anongid=1001`, kama folda ni ya wote na hakuna siri kati yao; au unaweza kuweka Kerberos, mfumo wa utambulisho ambao humthibitisha mtu kweli lakini inadai muda na ujuzi ambao ofisi ya watu sita kwa kawaida haina. Orodha ya vikundi nayo ina mpaka: katika utaratibu wa kawaida, kompyuta hutuma vikundi visivyozidi 16 vya mtumiaji, na anayezidi hapo hupoteza ruhusa bila maelezo. Chaguo la `manage-gids` huifanya seva itafute vikundi kwenye orodha yake yenyewe, na hivyo kuondoa mpaka huo.

Samba ilitoka kwenye hitaji tofauti. Andrew Tridgell aliianza Desemba 1991 huko Australia ili seva za Unix ziweze kuhudumia kompyuta binafsi zilizozungumza itifaki ya SMB, na kompyuta binafsi haikuwahi kuwa kitu cha kuaminiwa. Kila anayeingia hujitambulisha, na seva humtambua Asha awe kwenye laptopu yake, ya Juma, au ya mgeni. Kwa ofisi ambamo watu hubadilishana kompyuta, au huleta zao kutoka nyumbani, huu ndio utaratibu unaolingana na maisha yao. Gharama yake ni kutunza maneno ya siri: mfanyakazi anayeondoka lazima aondolewe kwa `sudo smbpasswd -x`, na katika ofisi nyingi hakuna aliyepewa jukumu hilo. Kuna pia kishawishi cha kuruhusu wageni kwa `guest ok = yes` ili kuepuka maswali ya nenosiri; Windows za karibuni, hasa matoleo ya ofisini, huzuia miunganisho hiyo ya wageni, na zina haki kufanya hivyo.

SSHFS humwamini mwenye ufunguo, na ufunguo ukiwekewa nenosiri lake ni vigumu kuiba. Tatizo lake liko kwingine: aliyepewa akaunti ya SSH hakupewa folda tu, amepewa seva. Anaweza kuingia na kuendesha amri. Kwa hiyo, baada ya funguo zote kuwekwa kwa `ssh-copy-id`, ongeza mistari hii kwenye `/etc/ssh/sshd_config` ili wanakikundi wabaki na mafaili peke yake:

```
Match Group ofisi
   ForceCommand internal-sftp
   ChrootDirectory /srv
```

Tangu hapo, njia ya folda kwa watumiaji hao itakuwa `/hati`, si `/srv/hati`, na `/srv` yenyewe lazima iwe mali ya root (msimamizi mkuu), isiyoandikika na mwingine, la sivyo SSH itakataa kuwapokea. Hakikisha pia kwamba akaunti yako ya usimamizi haimo katika kikundi hicho kabla ya kuwasha upya huduma.

## Ruhusa za mafaili mapya

Malalamiko ya kwanza baada ya kuanzisha folda ya pamoja huwa ni yaleyale: "Nalifungua faili la mwenzangu lakini siwezi kulihifadhi." Sababu yake ni kwamba faili jipya la Linux hufuata `umask` ya aliyeliunda, yaani kanuni ya ruhusa zinazoondolewa, na `umask` ya 022 huwanyima wanakikundi haki ya kuandika. Samba hulimaliza jambo hili kwenye seva, kwa mistari miwili ya `create mask` na `directory mask` iliyo hapo juu, na mtumiaji hahitaji kujua lolote. Kwa NFS, `umask` inayohesabika kwa kawaida ni ya kompyuta ya mtumiaji, na kwa SSHFS ile ya seva huhesabika pia, kwa hiyo kila kompyuta inayohusika ipangiwe 002 au 007. Si kazi ngumu, ila lazima irudiwe kwenye kila mashine mpya.

## Data ikiwa njiani

SSHFS husimba kila kitu daima, yaani hugeuza data isisomeke na asiye na ufunguo. Hakuna namna ya kusahau kuwasha. Samba inaweza kusimba kuanzia SMB ya toleo la 3, lililokuja mwaka 2012, lakini ni wewe unayeilazimisha kwa kuandika `smb encrypt = required` chini ya folda husika. NFS ya kawaida haisimbi chochote, na yeyote aliye kwenye mtandao uleule mwenye ujuzi wa kunasa data anaweza kusoma hati zinapopita; usimbaji kwa njia yake ya jadi hupatikana kupitia Kerberos, kwa chaguo la `sec=krb5p`.

Kwa zahanati, shule au ofisi ya mawakili jambo hili lina upande wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zote zinamtaka anayehifadhi taarifa za watu achukue hatua za kuzilinda, na folda ya wagonjwa inayosafiri bila kusimbwa kwenye Wi-Fi ambayo nenosiri lake limebandikwa ukutani ni vigumu kuitetea.

Samba ina urithi wake mbaya, nao ni SMB ya toleo la 1. Shambulio la WannaCry la Mei 2017 lilienea duniani kupitia tundu katika utekelezaji wa toleo hilo ndani ya Windows, na tangu mwaka 2019 Samba 4.11 imelizima. Utakutana nalo tena kwa mlango wa nyuma: mashine ya zamani ya kunakili na kuskani inayokataa kutuma hati kwenye seva mpaka toleo la 1 liwashwe. Usiiwashe kwa seva nzima kwa ajili ya mashine moja. Afadhali mashine hiyo itume kwa FTP kwenye folda ya pembeni, au hati zichukuliwe kwa flashi.

Njia yoyote utakayochagua, poti 445 na 2049 zisifunguliwe kwenye intaneti.

## Kasi

Kabla ya kubishana kuhusu itifaki, tazama swichi na ruta. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100 kwa sekunde, ambayo hupitisha takriban megabaiti 11 au 12 kwa sekunde, na hapo njia zote tatu hufika ukomo uleule kwa mafaili makubwa. Kwenye gigabiti moja, ambako ukomo ni takriban megabaiti 110 kwa sekunde, tofauti huanza kuonekana, hasa kwa folda zenye maelfu ya mafaili madogo: NFS kwa kawaida huongoza kati ya kompyuta za Linux, Samba hufuata, na SSHFS hubaki nyuma. Kama seva ni Raspberry Pi 4, ambayo prosesa yake haina maelekezo maalumu ya kusimba kwa AES, usimbaji wa SSHFS na wa Samba utaipunguza kasi zaidi. Raspberry Pi 5 inayo. Kwa hati za Word na lahajedwali, hakuna atakayeona tofauti.

## Umeme au mtandao ukikatika

Hapa NFS ina tabia ambayo wengine huiita kasoro na wengine huiita uaminifu. Ikiwa imeunganishwa kwa chaguo la `hard`, ambalo ndilo la kawaida, seva ikizimika programu zote zilizokuwa zikitumia folda husimama zikisubiri. Hazitoi kosa. Hata amri ya `df` huganda. Seva ikirudi, zinaendelea pale zilipoishia, na kilichokuwa kikiandikwa huandikwa. Tarajia tu kuchelewa kidogo mwanzoni, kwa kuwa seva ya Linux huwapa watumiaji wa NFS 4 sekunde 90 za kudai upya kufuli zao, yaani alama zinazozuia wengine wasiandike kwenye faili lililo wazi. Chaguo la `soft` huondoa kuganda kwa kurudisha kosa, lakini programu isiyojua kushughulikia kosa hilo inaweza kuacha faili nusu. Kwa kuandika, ningebaki na `hard`. Wala usibadilishe `sync` kuwa `async` kwenye seva isiyo na UPS ili kupata kasi: `async` huiruhusu seva ijibu "nimehifadhi" kabla haijahifadhi, na umeme ukikatika katikati, jibu hilo linakuwa la uongo.

Windows iliyounganishwa na Samba hutoa kosa baada ya muda, huweka alama ya X kwenye diski ya Z, na kujaribu tena mtumiaji anapoifungua. Kisichohifadhiwa hubaki kwenye programu iliyofunguliwa, kama laptopu ina betri. SSHFS bila chaguo za `reconnect` na `ServerAliveInterval` ndiyo inayosumbua zaidi, kwa sababu inaweza kuganda au kubaki imekufa hadi uitoe kwa mkono. Ukiziweka, hujiunganisha yenyewe mtandao unaporudi, ingawa mafaili yaliyokuwa wazi wakati huo huenda yakahitaji kufunguliwa upya.

Kwa Samba na NFS kwenye Linux, muunganisho wa kudumu uandikwe kwenye `/etc/fstab` ukiwa na `_netdev,nofail,x-systemd.automount`, ili kompyuta isikwame wakati wa kuwaka kama seva bado imelala.

## Watu wawili, faili moja

Samba na NFS 4 zina kufuli za mafaili zinazotambuliwa na kompyuta zote zilizounganishwa kwa njia hiyo. SSHFS haina: kufuli linalowekwa kwenye kompyuta moja halionekani kwenye nyingine. LibreOffice huweka faili lake la ishara kando ya hati, na hilo husaidia popote, lakini si programu zote zinazofanya hivyo. Hifadhidata inayoandikwa na watu kadhaa, kama ya SQLite au ya Access, isiwekwe kwenye SSHFS kabisa, na hata kwenye nyingine mbili ni afadhali kutumia seva halisi ya hifadhidata.

Jambo la kuongeza kuhusu SSHFS ni kwamba mradi wake kwa miaka ya karibuni umekuwa na upungufu wa wachangiaji wa kudumu. Bado umo katika mifumo yote mikubwa ya Linux na unafanya kazi, ila asiye tayari kuishi na kasoro zinazojulikana aliweke hilo kwenye mizani.

## Kila moja inamfaa nani

Samba inafaa mahali penye Windows hata moja, mahali ambapo kila mtu anahitaji haki zake, na mahali ambapo watumiaji hawatagusa amri yoyote baada ya siku ya kwanza. NFS inawafaa wenye kompyuta za Linux zinazosimamiwa na mkono mmoja: maabara ya shule, seva zinazohudumiana, mashine za kuhariri video zilizofungwa kwa kebo. SSHFS inamfaa fundi, mwanafunzi au msanidi programu anayetaka folda yake mwenyewe iliyo kwenye seva ya mbali, leo, bila kumwomba mtu abadilishe chochote huko.

## Kwa hali yako

Kama ofisi ina mchanganyiko wa Windows, Mac na Linux, anza na Samba na uwashe usimbaji kwa folda zenye taarifa za watu. Kama hakuna Linux kabisa na hutaki kuongeza mashine, Windows yenyewe inaweza kuwa seva kwa itifaki ileile, katika dirisha la msimamizi:

```
net share hati=C:\Hati /grant:asha,change
```

Kumbuka tu kwamba ruhusa za diski yenyewe hupangwa kando kwa `icacls`, na kwamba Windows 10 na 11 huruhusu kompyuta zisizozidi 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja.

Kama ni maabara ya kompyuta za Linux ambazo wanafunzi hawana haki za msimamizi, NFS itakupa kazi ndogo kuliko zote, mradi namba za watumiaji zipangwe kabla ya siku ya kwanza. Wanafunzi wakianza kuleta laptopu zao, hali imebadilika, na uamuzi ufikiriwe upya.

Kama unafanya kazi ukiwa nje ya ofisi, SSHFS ndiyo ya kujaribu kwanza, ila seva iliyo nyuma ya ruta ya 4G mara nyingi haina anwani ya umma, kwa hiyo haitafikika moja kwa moja. Suluhisho la kawaida ni WireGuard (programu ya kuunda mtandao wa faragha uliosimbwa) kupitia seva ndogo ya kukodi, na WireGuard ikishakuwepo, hata Samba hupita ndani yake salama, ingawa kwa bando la simu ni nafuu kunakili faili moja kwa `scp` kuliko kuvinjari folda nzima.

Na kama una makundi mawili, mfano wahariri wenye Linux na wahasibu wenye Windows, seva moja inaweza kuendesha Samba na NFS pamoja. Kila kundi likiwa na folda yake, hakuna la kuhofia. Yakilazimika kuandika kwenye folda ileile, ongeza `oplocks = no` chini ya folda hiyo katika `smb.conf`, kwa sababu bila hivyo Windows inaweza kushikilia mabadiliko kwenye kumbukumbu yake huku kompyuta ya NFS ikisoma faili la zamani.